Derrick, mzee wangu, na lile swali la kwanza

Harry naye alishatangulia. Fritz Wepper, yule aliyeigiza Harry Klein, msaidizi wa Derrick kwenye kile kipindi cha polisi cha Kijerumani, alifariki Machi 2024 akiwa na miaka 82, na mimi habari nimeikuta nimechelewa kabisa, nimekaa dukani nasubiri lori la simiti kutoka kiwandani, nikaona picha yake kwa simu nikasema ngoja, huyu si Harry? Nikakaa hapo kwa stuli kama mtu aliyefiwa, kijana wangu wa dukani akaniuliza mama kuna nini, nikashindwa nianzie wapi manake yeye amezaliwa 2001, hajui Derrick, hajui kukaa watu arobaini mbele ya tivii moja.

Basi acha niandike, manake walioishi ile kambi na mimi wamebaki wachache na kila mmoja yuko upande wake.

Mimi nimekulia kambi ya polisi Tororo. Kama umewahi kuishi kambi za polisi za Uganda unajua yuniporti, zile nyumba za duara za bati, chumba kimoja, familia nzima ndani na pazia katikati. Mchana zinachoma kama sufuria, usiku baridi, na mvua ikianza kupiga lile bati huwezi kusikiana na mtu aliyekaa karibu yako. Kambi ilikua na Wateso, Wajapadhola, Walugbara, Waacholi, Wasamia, Wabagisu, kila mama anapika chakula cha kwao, na kilichotuunganisha ni Kiswahili. Ndio sababu mpaka leo nikiwa na furaha ama hasira kinachotoka kwanza ni Kiswahili, ingawa huko Kampala ukiongea Kiswahili kuna watu wanakuangalia kama umekuja kuwaibia. Kwetu kilikua lugha ya nyumbani, ya kuombea chumvi kwa jirani na ya kubembelezea mtoto.

Mzee wangu alikua CID, polisi wa upelelezi, cheo cha chini tu. Tivii hatukua nayo. Ilikua ya sajenti mmoja aliyekaa zile nyumba za matofali, Greatwall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, umeme ukikatika inafanya kazi na betri ya gari. Antena ameifunga juu ya mti mrefu wa kalitusi, na kwa sababu Tororo iko karibu na mpaka tulikua tunashika KBC ya Kenya, mtoto mmoja lazima akae nje kuzungusha ule mti, huku ndani wanapiga kelele ongeza, ongeza, rudisha, hapo hapo! Nazungumzia miaka ya 1990 na 1991 hivi. Usiku wa Derrick sajenti alikua anaiweka tivii dirishani, sisi tunakaa nje kwa mikeka, wazee kwa viti, watoto chini, na hata wale waliotoka kazini wamechoka wanakuja na yunifomu bado mwilini.

Kwa wale ambao hawakumjua: Derrick ni polisi wa Ujerumani, mji wa Munich, kitengo cha mauaji. Jina lake kamili Stephan Derrick, na aliyemuigiza aliitwa Horst Tappert. Kipindi kilianza Oktoba 1974 na kikaisha Oktoba 1998, vipindi 281, na vyote viliandikwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker, kitu ambacho nikikifikiria bado nashangaa, mtu mmoja kuandika visa 281 vya watu kuuana. Kiliuzwa nchi zaidi ya 100 na moja yao ni ile iliyokua inavuka mpaka hewani ikatufikia sisi bila kulipa hata senti.

Alikua mrefu, koti refu, tai, nywele zimelazwa nyuma, na yale macho yake. Macho mazito yenye vifuko chini, kama mtu ambaye hajalala wiki nzima sababu anafikiria jambo lako. Alikua anamwangalia mtu hivi, polepole, hasemi kitu, na yule mtu anaanza kujikuna. Kiingereza kilikua kimebandikwa juu ya Kijerumani, mdomo unasema hiki na sauti inasema kile, alafu wengi wetu hicho Kiingereza chenyewe tulikua tunakidokoa tu, kwahiyo mtu mmoja anayejua anatafsiri kwa Kiswahili kwa sauti na wengine wanabisha tafsiri. Na mvua ikinyesha, tivii inaingizwa kwenye yuniporti ya karibu, tunabanana humo, bati linapiga makelele, hakuna anayesikia hata neno. Tunaangalia sura. Mimi naamini ndipo nilipojifunza kuangalia uso wa mtu, kwa Derrick bila sauti.

Watoto tulikua na mchezo wetu, mmoja ni Derrick, mmoja Harry, mmoja maiti. Derrick anasema "Harry, leta gari!" na Harry anakimbia kuzunguka mti wa mwembe anaunguruma kama BMW. Nilipokua mkubwa nikaja kujua kumbe Wajerumani wenyewe nao wana huo msemo, wanatania nao hadi leo, na kumbe ukipekua vipindi vyote 281 yale maneno hasa, kama watu wanavyoyasema, hayamo. Kuna sehemu anamwambia Harry kitu cha kufanana na hivyo, lakini lile neno lenyewe watu wamelitunga kwenye kumbukumbu yao, nchi nzima, na sisi huku Tororo tukatunga la kwetu la kufanana. Mzee aliponisikia nasoma hiyo habari alicheka sana, akasema si nilikuambia, shahidi hadanganyi kila mara, saa zingine anakumbuka kile anachotaka kiwe.

Sasa kitu kilichotushangaza sisi watu wa kambi ni nani anayeua. Kwa Derrick, muuaji anakaa kwenye jumba. Ana bwawa la kuogelea, ana mvinyo kwa glasi, mke amevaa lulu shingoni, mtoto anapiga piano, nje theluji, na huyo huyo ndiye ameua. Yule mfagiaji, yule mpishi, yule kijana mlevi wa kituo cha treni, Derrick anaongea nao vizuri anawaacha waende. Mama mmoja pale kambini alikua anapiga makofi anasema, "Jamani, mtu mwenye nyumba kama hiyo anaua kwa shida gani?" na kweli tulikua hatuelewi. Manake sisi tulikua tunaona kila asubuhi wanaoletwa ni akina nani. Wapakasi wa stendi, wale wabeba mizigo, wasichana wa kazi za ndani, vijana wa baiskeli za bodaboda, hao ndio waliokua wanaingia selo. Mtu wa jumba hatukumuona hata siku moja kuletwa, akija anakuja na gari lake na anapewa kiti.

Na tulikua tunasikia. Sitasema wapi na sitasema nani, lakini mtoto wa kambi anajua sauti ya kiboko, anajua na sauti ya mtu mzima anayelia usiku. Mama alikua anaongeza redio.

Mzee wangu hakua mtu wa maneno mengi. Ila Derrick akianza, anasogeza kiti mbele. Na kurudi nyumbani anamkosoa kama mwenzake wa kazini: hapo amechelewa kufunga mlango watu wamekanyaga pale mahali, hapo asingemruhusu yule mama apige simu, hapo sawa, hapo safi. Siku moja, nakumbuka vizuri manake nilikua nimelalia mgongoni pake, alisema taratibu, kama anajisemea, "Huyu Mjerumani hana kiboko." Basi. Hakuongeza kitu. Lakini miaka mingi baadae mwenzake mmoja aliyestaafu alinisimulia kwamba mzee alikua anajulikana kwa kitu kimoja, akipewa mshukiwa anaagiza chai vikombe viwili, anauliza swali moja, alafu ananyamaza. Wenzake walikua wanamcheka, wanamuita Derrick. Hakuwahi kutuambia nyumbani kwamba ana hilo jina.

Kuhusu Tappert mwenyewe, nilianza kumsoma intaneti ilipotufikia vizuri, na kwa wakati huo alikua ameshakufa. Alizaliwa Mei 1923 sehemu inaitwa Elberfeld, siku hizi ni ndani ya mji wa Wuppertal, baba yake mfanyakazi wa posta. Baada ya vita alienda kuomba kazi ya kuandika hesabu kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza mjini Stendal, na hapo hapo akajikuta yuko jukwaani, mtu wa vitabu vya hesabu akageuka mwigizaji. Na kitu cha ajabu, kilichompa jina kubwa kwenye tivii ya Ujerumani kabla ya Derrick ni kuigiza mwizi, mwaka 1966, mkuu wa genge lililoiba pesa kwenye treni ya posta Uingereza. Miaka 8 baadae ndio akawa polisi, akiwa amevuka miaka 50. Hilo lilinipa moyo sana wakati ule manake nami nilianza biashara nikiwa nimechelewa, watu wananiambia umri umekwenda. Alikua anapenda sana Norway, kaskazini kule Hamarøy alikua na nyumba anaenda kuvua samaki. Alifariki tarehe 13 Desemba 2008 huko Planegg karibu na Munich, miaka 85. Nilimpigia mzee simu kumwambia. Alinyamaza kidogo akasema, "Alifanya kazi yake."

Sasa niingie kwenye langu.

Mwaka 2010 nilikua na duka la hadiwea, bado ninalo, simiti, mabati, misumari, rangi, mabomba. Dukani tulikua wanne. Mimi, kijana mpakasi wa kubeba simiti, binti mmoja wa kuuza ambaye nitamuita Anyango ingawa sio jina lake, na mdogo wangu wa kiume wa mwisho, alikua ametoka chuo amesomea uhasibu, anavaa tai kila siku, anatunza vitabu vyangu. Nilikua najivunia sana ile tai. Wateja wakiingia wanamuita mkurugenzi.

Jumamosi moja jioni nafungua droo nitoe pesa za msambazaji wa simiti, milioni moja na laki mbili, nilizihesabu mwenyewe saa nane nikazifunga na raba. Hazipo. Nikatoa droo yote, nikaipindua, hazipo. Na yule mpakasi, sio kwa ubaya, akasema alimuona Anyango ameinama kwenye droo mchana nilipoenda kula.

Sikuuliza kitu kingine. Nilimuita Anyango mbele ya wateja, sauti yangu ilifika mpaka kwa washonaji wa upande wa pili. Nikachukua mkoba wake nikaumwaga kwenye kaunta, kitambaa, kitana, simu ya tochi, na elfu sitini. Nikasema hizi ni nini? Akasema ni za kuzungushiana na wenzake, ni zamu yake wiki hii. Nikasema na zingine umempa nani? Akaanza kulia, na mimi nikaona kilio ndio ushahidi. Mdogo wangu alikua amesimama karibu na mashine ya kukata mabomba, tai shingoni, hasemi. Nilimfukuza Anyango saa hiyo hiyo, mshahara wa mwezi nikaukata, zile elfu sitini nikazichukua pia. Aliondoka bila mkoba, alirudi kuokota vitu vyake sakafuni mbele ya watu.

Naandika hivi na mkono unakua mzito. Mimi, mtoto wa kambi, niliyekua nalala na ile sauti ya usiku.

Jumatatu mzee akaja mjini kwa shughuli za pensheni yake, akapitia dukani. Nikamueleza yote, kwa ushindi kabisa, kama mtu anayemaliza kesi. Alikaa juu ya mfuko wa simiti akanisikiliza mpaka mwisho. Alafu akauliza, "Kwa nini ulianza na yeye?"

Nikasema si alionekana kwenye droo. Akasema droo ina kitu gani kingine? Nikasema kitabu cha risiti. Akamuita mpakasi, kwa upole tu, kijana wangu njoo, siku ile ulikua umesimama wapi? Yule akaonyesha, nje, kwenye mlango wa stoo. Mzee akaenda akasimama pale pale, akaniambia mimi niende niiname kwenye droo. Kutoka pale mtu anaona mgongo tu, kaunta inaficha mikono yote. Akauliza tena, mchana ule kuna mteja alipewa risiti? Nikafungua kitabu. Kulikua na risiti ya mabati 12 saa saba na nusu, mwandiko wa Anyango. Saa saba na nusu! Mimi pesa nilizihesabu saa nane, niliporudi kula. Yaani alipoinama pesa zilikua bado hazijaingia kwenye droo. Ile risiti ilikua hapo tangu Jumamosi, kurasa mbili tu nyuma, na sikuifungua.

Mzee hakunigombeza. Alirudia lile swali, "Kwa nini ulianza na yeye?" na safari hii alinyamaza, akaniangalia. Nikatafuta jibu zuri sikupata. Jibu la kweli ni kwamba yeye ndiye alikua maskini kuliko sisi wote mle ndani. Nilishindwa kulitamka, lakini yeye alikua amelisikia.

Alafu akaagiza chai. Vikombe viwili. Akamuita mdogo wangu wakakaa nyuma kwenye stoo kati ya mabati, mimi nikabaki kwenye kaunta nawasikia. Alimuuliza habari za kazi. Alimuuliza vitabu vinaendaje. Alafu akamuuliza, "Jumamosi ulitoka saa ngapi?" Mdogo wangu akajibu. Na mzee hakusema kitu tena. Nyinyi hamjui ukimya wa mzee wangu. Nilisikia kijiko kinazungushwa kwenye kikombe, nikasikia lori linapita barabarani, nikasikia mteja anauliza bei ya misumari nikamuonyesha kwa mkono asubiri. Mdogo wangu akaanza kueleza kitu ambacho hakuulizwa, habari ya kufika nyumbani, alafu habari ya rafiki yake, alafu habari ya pikipiki waliyotaka kuinunua pamoja waiweke bodaboda, na rafiki ameshachukua pesa ya kwanza amekimbia nayo Kenya, na kulikua na mtu anamdai. Sauti ikakatika. Mzee akasema, "Kunywa chai, inapoa."

Sikumpeleka polisi, na watu wengine wameniambia nilikosea, kwamba Anyango ningempeleka bila kufikiri na wa damu yangu nikamficha. Wana haki kusema hivyo. Alilipa kidogo kidogo miaka miwili. Tai hakuivaa tena dukani kwangu.

Lakini Anyango. Nilitaka kumtumia pesa zake kwa simu pamoja na ujumbe wa kumuomba radhi. Mzee akakataa katakata. Akasema ulimvua nguo mbele ya watu, ukamvishe mbele ya watu. Tukaenda mimi na yeye mpaka kwao, njia ya kwenda Malaba, unaingia ndani kwenye mihogo. Nilibeba mshahara wake, zile elfu sitini, sukari kilo tano na sabuni. Mama yake akatutolea viti, akaita majirani, ndivyo mzee alivyoomba. Nikasimama nikasema nilichofanya, kwamba mtoto wenu sio mwizi, mwizi alikua wa kwetu, na mimi ndiye niliyemtukana bure. Nilisema kwa Kiswahili manake Kijapadhola changu ni kidogo, na jirani mmoja akatafsiri. Yule mama akaniangalia muda mrefu, akasema, "Pesa umeleta. Jina lake umelirudisha hapa nyumbani. Kule sokoni je?"

Nilienda na kule sokoni. Kwa washonaji, kwa muuza chapati wa kona, kwa mwenye duka la upande wa pili, mmoja mmoja. Ni kazi ngumu kuliko kubeba simiti. Anyango hakurudi kufanya kazi kwangu, nilimuomba akakataa kwa heshima zote. Miaka inapita nakutana naye, ananisalimia, "Jambo mama," anapita. Hajawahi kusimama.

Tangu siku hiyo kitu kikipotea dukani naanza na karatasi, alafu naanza na wa kwangu. Na nikiuliza, nanyamaza. Sio rahisi, mdomo unawasha, unataka umsaidie mtu kujibu ama umrukie. Nafikiria yale macho mazito, nafikiria bati linavyopiga kelele na sisi tunaangalia sura tu.

Alafu ikaja 2013. Mwishoni mwa Aprili nikasoma kwamba kuna mtafiti wa Ujerumani ametoa nyaraka za zamani zinaonyesha Horst Tappert wakati wa vita vya pili alikua ndani ya SS, jeshi la Hitler, mwaka 1943, divisheni ya Totenkopf, jina lenyewe maana yake fuvu la kichwa, ile ambayo ilianzishwa na walinzi wa makambi ya mateso. Na muda wote wa uhai wake hilo hakulisema hadharani. ZDF, steshen iliyokua inamtoa, ikatangaza haitarudia tena vipindi vyake.

Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa habari mbaya ya baba yake mdogo. Nikatafuta kila njia ya kumtetea kichwani, na kila njia nikiifuata naikuta imefungwa na wale watu waliokufa kwenye yale makambi. Huyu mtu miaka 24 alikua anawauliza watu, usiku ule ulikua wapi? Ulimuona nani? Kwa nini hukusema? Na lake lilikua tumboni. Vile vifuko chini ya macho nilivyovipenda tangu utoto, sikujua tena ni vya nini.

Wiki hiyo nikaenda kijijini kumuona mzee, alikua na miaka 62, ameshaanza kuumwa miguu, anakaa chini ya mwembe na kuku wake. Alikuja kututoka 2017. Nikamsomea habari yote kwa simu, natafsiri sentensi kwa sentensi kama ule usiku wa kambini. Alisikiliza macho chini.

"Alikua na miaka mingapi?"

Nikahesabu. Kumi na tisa, anaelekea ishirini.

"Alijitolea ama walimchukua?"

Nikamwambia karatasi hazisemi.

"Na alinyamaza mpaka kufa."

"Alinyamaza, mzee."

Akachukua fimbo yake akaanza kuchora chini, mistari tu, anachora anafuta. Akasema, "Na watu aliwauliza vizuri." Sikujua kama anamsifu ama anamlaumu, na nafikiri yeye pia alikua anatafuta.

Mzee wangu aliingia polisi mwaka 1973, akiwa na miaka 22. Nchi hii kila mtu anajua hiyo miaka ni ya nani, ya Idi Amin, na anajua yaliyofanyika mpaka Aprili 1979, watu walivyokua wanachukuliwa kwenye buti la gari viatu vinabaki barabarani. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akizungumza kitu cha kati ya hiyo miaka. Picha yake moja ya ujana iko, amevaa kaptula za polisi, nyuma yake imekatwa, kulikua na mtu mwingine pembeni. Mama alikua ametukataza kuuliza. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, niliyejifunza kuuliza kwa huyu huyu, nilikua sijawahi kumuuliza yeye.

Nikasema, "Na wewe, mzee? Ulikua wapi?"

Fimbo ikasimama. Kuku wakapita katikati yetu. Mama akaita kutoka jikoni kwamba chakula kiko tayari, hakuna aliyemjibu, akaita tena, akatoka mlangoni, akatuona tulivyokaa, akarudi ndani. Mimi nilikua nataka kusema kitu, niseme basi acha, niseme sikutaka kukuumiza, mdomo uliniwasha. Nikanyamaza. Nikamwangalia uso.

Akavua kofia akaiweka juu ya goti.

"Zima hiyo simu," akasema.

Nikazima.